Tokyo ya wageni: picha kali, stori iko wapi?

Hivi kwa nini dairekta wa muvi wa nje akitua Tokyo lazima aanze na mataa? Chukua Enter the Void ya Gaspar Noé (2009), dogo muuza unga anapigwa risasi na polisi akiwa chooni, roho inatoka inaanza kuelea juu ya mji, kamera inapita juu ya mapaa, inazama ukutani, neoni za pinki na kijani kila kona, yani macho yanashiba kabisa. Ila ni zaidi ya masaa mawili, na stori yenyewe naweza kukusimulia kwenye daladala toka Uyole na tusifike hata Mwanjelwa. Ingetafsiriwa hii Kiswahili, DJ wa kusimulia muvi angebaki anaguna tu.

Mi nipe Perfect Days ya Wim Wenders, Mjerumani, ya 2023. Hirayama anaosha vyoo vya umma Shibuya, basi. Ila ana kakioo kadogo ka kuchungulia chini ya ukingo wa choo, sehemu ambayo hakuna mtu ataiangalia, na hapo tu nikamjua mtu mzima mzima bila kuambiwa kitu. Koji Yakusho akabeba tuzo ya mwigizaji bora Cannes, halali yake.

Bro wangu hapa Mbeya kabisha, eti nayo haina stori, halafu yeye ndo alilala nusu ya muvi, sijui kajuaje.

Sasa naisaka Tokyo! ya 2008, vipande vitatu, Wafaransa wawili na Bong Joon-ho wa Korea Kusini. Mwenye nayo kwenye flashi tuongee.