Siku moja maishani mwangu: kuta na sakafu ya trela la chozi

Saa 12 na nusu alfajiri. Nimeswali, nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi, na mlango wa gereji uko wazi. Hapa Columbus, Ohio, mwisho wa Septemba baridi ya alfajiri imeshaanza kuuma, na gundi ya mbao na baridi havipatani. Chini ya nyuzi 10 haishiki sawasawa. Nawasha hita, kisha napitisha mkono juu ya fremu ya sakafu tuliyoibana kwa jiliwa tangu jana jioni. Viungo vimekaza. Alhamdulillahi.

Kando yake limesimama trela lenyewe, limevuliwa bati, mbao nje. Ni trela dogo la kulala safarini, la kuvutwa na gari, lile la umbo la tone la chozi: mbele duara, mgongo unateremka taratibu kwenda nyuma. Wamarekani walianza kuyajenga miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia yakaenea sana, maana magazeti ya ufundi yalichapisha michoro na mtu mwenye msumeno na nafasi uani aliweza kujijengea la kwake. Upana futi 4, urefu futi 8, kimo karibu futi 4. Vipimo hivyo vimetoka kwenye plaiwudi: karatasi moja ni futi 4 kwa 8, basi ukuta ni karatasi moja, sakafu ni karatasi moja, na mabaki hayajazi hata ndoo. Ndani mnalala wawili, hamsimami. Nyuma unainua mfuniko, na hapo chini yake ndipo jikoni.

Hili lilijengwa mwaka 1948 na baba wa mteja wangu, mama mtu mzima mwenye wajukuu. Siku alipolileta alisimama muda mrefu mlangoni akaniambia kwamba utotoni alikuwa akilala humo katikati ya wazazi wake. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Saa 2. Mpwa wangu amefika. Anasoma chuo, Jumamosi huwa ananisaidia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

Amekula. Tunaanza na kunakili kuta kabla ya kuzing'oa. Hapo ndipo watu wengi huharibu kazi: wanaona ubao umeoza wanaung'oa kwa hasira, kisha wanabaki bila umbo la kufuata. Kwanza tumekaza mihimili miwili ya mshazari ndani, ili gamba lisilegee. Halafu nikaegemeza ubao mwembamba mgumu ukutani, mpwa akaushikilia, nikazunguka ukingo wote kwa penseli.

Ukuta wa kushoto ulinakilika vizuri. Wa kulia, karibu na gurudumu, shubiri mbili za ukingo wa chini hazipo tena. Nilipogusa kwa patasi, mbao ilimomonyoka kama keki iliyolowa, nyeusi, yenye harufu ya majani yaliyooza. Mpwa akasema tupindue nakala ya kushoto tuitumie kulia. Wazo zuri, lakini tulipoipindua na kuiegemeza, mgongoni ule mzingo ulipishana kwa robo inchi nzima.

Nikakataa. Lile bati la alumini la zamani, nene kama milimita moja, lina matundu yake ya skrubu, na kila tundu linajua mahali pake. Kuta mbili zinazolingana zingependeza kwenye karatasi, lakini bati lisingerudi bila kutobolewa upya. Kila ukuta utafuata mwenzake wa zamani. Ile sehemu iliyooza nikapigilia misumari midogo pale mstari ulipoishia na pale ulipoanza tena, nikapitisha ufito mwembamba katikati, nikauachia upinde wenyewe. Babu yangu kule Pangani aliunda mashua kwa namna hiyo hiyo: ufito, misumari, jicho. Ufito ukikutana na kombo hukuonyesha pale pale, unapanda kama kifundo. Huu ulikaa laini, nikachora.

Saa 4 na nusu. Sakafu. Boliti zilizoishika kwenye chasisi zilikuwa zimeliwa na kutu, tukazikata kwa grinda moja moja. Tulipokunja linoliamu ya zamani, lile tandiko la sakafu, mpwa akaniita, "Mjomba, njoo uone." Juu ya mbao, kwa penseli, kulikuwa na mshale unaoelekea mbele, hesabu ya kujumlisha inchi, na jumla imekatwa ikaandikwa tena. Mkono wa mtu aliyekuwa akifikiri amepiga magoti. Kipande hicho kilikuwa kizima. Nimekikata, ukubwa wa sahani, nikakiweka juu ya kabati mbali na vumbi. Kitarudi ndani ya trela, kwenye mlango wa kabati la jikoni.

Sasa, kuoza kulitoka wapi? Hili nataka mnaofanya kazi hizi mlisome vizuri. Maji hayakupasua njia kubwa. Fundi fulani wa miaka ya karibuni alijaza silikoni kwenye mapengo yote ya nje, na huku juu skrubu za ukingoni ziliendelea kupitisha tone moja moja. Zamani tone liliingia likatoka chini. Baada ya silikoni liliingia likakaa. Ukingo wa chini wa ukuta ulikuwa umelala ndani ya kipande cha alumini kilichopinda kama mfereji wa paa, kwa hiyo plaiwudi ilisimama majini kila mvua iliponyesha. Na kitako cha ubao hunywa maji kama mrija.

Saa 7 na nusu. Swala, wali na maharage ya nazi kutoka jana, dakika kumi za kunyoosha mgongo.

Saa 8 na robo. Kukata. Karatasi ya plaiwudi ya robo tatu inchi inakaribia kilo 30, tunaibeba wawili. Nakata kwa msumeno mdogo wa umeme, nikiacha kama milimita mbili nje ya mstari, kisha mashine ya ruta, yenye kisu kinachozunguka, inafuata nakala na kumalizia. Ukitaka kufika mstarini kwa msumeno peke yake, utapoteza karatasi ya bei.

Mpwa akauliza kwa nini tusitumie mbao zilizotiwa dawa kwa fremu ya chini, si ndizo zinazojengewa vibaraza vya nje? Swali la maana. Nyingi ya dawa za siku hizi zina shaba ndani yake, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Ungeokoa mbao ukaua bati. Sisi mbao tunaivisha wenyewe: vanishi ya polyurethane iliyochanganywa na thina nyingi kwa mpako wa kwanza, iwe nyepesi izame ndani, halafu nzito zaidi. Vitako navipaka mpaka vikatae kunywa. Upande wa chini wa sakafu unapata lami ya maji, mipako miwili. Kwa mashua ilikuwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, chini, na mafuta ya sifa, yale ya papa, juu. Dawa imebadilika, adui ni yule yule.

Saa 9 na nusu. Tumejaribisha bila gundi. Sakafu juu ya chasisi, kisha pima kona kwa kona: futi 4 kwa 8 inatakiwa kutoa inchi 107 na theluthi, na lililo kubwa ni pande zote mbili zitoe sawa. Zilipishana kidogo, tukasogeza, zikalingana. Kuta tumezishusha zipite chini ya sakafu na kufunika ukingo wake, zining'inie wazi bila mfereji, ili maji yadondoke yaende zake. Bati litakaporudi, kati yake na mbao utakaa utepe wa butili, mpira laini wa kunata, ambao haugandi. Trela likitikisika barabarani wenyewe unafuata.

Saa 11 jioni. Tumeshusha kila kitu tena, mpako wa kwanza umeingia, gereji inanuka vanishi. Vitambaa vilivyolowa nimevitandaza kimoja kimoja kwenye kamba nje. Usivirundike pipani hata siku moja. Vanishi ikikauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe usiku.

Kabla ya kupaka uso wa sakafu, mpwa aliniuliza kama tuandike majina yetu. Nilimwambia aandike tarehe, na mshale wa mbele. Halafu nikachukua penseli nikaongeza mstari mmoja kwa fundi atakayekuja kukunja linoliamu hii: ukuta wa kulia umepishana na wa kushoto robo inchi mgongoni, ndivyo ulivyojengwa, usiusawazishe.