Kanda ya Mjomba Hadi Kitwe

Mjomba alinikabidhi kanda ikiwa ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2019, na juu yake amezungushia mpira wa tairi la baiskeli.

"Ukifika Kitwe," akasema, "mtafute mtu mwenye redio ya maana. Na uniulizie yule kijana wa drams kama yupo."

Yule kijana, kama yupo, ana miaka sabini au zaidi. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia sawa, nikambusu mkono, nikakimbilia stesheni kwa sababu treni ya Mukuba ilikuwa ikiondoka Dar Ijumaa mchana na mimi nilikuwa bado sijanunua maji.

Mjomba alikuwa fundi katika karakana ya reli ya TAZARA kule Mpika, Zambia. Reli ilikamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na vijana wa Kitanzania wa rika lake walisambazwa njia nzima. Yeye aliangukia Mpika, akakaa miaka minane, akarudi na cherehani, Kibemba cha kuungaunga, na kanda aliyoirekodi mwaka 1978. Upande A na upande B ni bendi moja tu: WITCH. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuzua vurugu", lakini ukilisoma kama neno moja linakuwa "mchawi", kitu ambacho bibi yetu hakukipenda hata kidogo. Nimekua nikiisikia kanda ile kupitia ukuta wa chumba, bibi akikohoa kwa makusudi kila wimbo ulipoanza.

Kwa wasiowajua, hawa ni vijana wa Kitwe, mji wa migodi ya shaba. Miaka ya mwanzo ya sabini shaba ilikuwa na bei, watu walikuwa na mishahara, na Rais Kaunda alikuwa ameamuru asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Basi vijana waliokuwa wakiiga Rolling Stones na Jimi Hendrix wakapata mlango. Walichukua gitaa lililokwaruzwa kwa umeme mpaka likalia kama msumeno, wakaliweka juu ya mapigo ya nyumbani, na huo ndio muziki ulioitwa Zamrock. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, wakambatiza Jagari, kutokana na Mick Jagger. Santuri yao ya *Lazy Bones!!* ilitoka 1975, na ndiyo iliyojaa upande A wa mjomba. Kisha bei ya shaba ikaanguka, na ukosefu wa fedha ukaanza kuzima bendi moja baada ya nyingine.

Ilikuwa Julai 2023. Kwenye Mukuba wanaume na wanawake walilala vyumba tofauti, na daraja la pili lilikuwa na vitanda sita, hivyo nikajikuta na kina mama watano, wanne kati yao wafanyabiashara wa Tunduma. Mizigo yao ilishika kila upenyo, na mimi nikapewa kitanda cha juu kabisa, karibu na dari, pamoja na beseni la mtu. Jioni tukapita mbugani, mmoja akaita "twiga!" na wote tukagongana vichwa dirishani. Usiku nilipokuwa nasikiliza WITCH kwenye simu yangu bila spika za masikioni (nilizisahau nyumbani, juu ya friji, ninaziona mpaka leo), mama wa kitanda cha chini akaniuliza kwa upole sana:

"Mwanangu, huyu anaimba au anagombana na mtu?"

Nikamwambia anaimba. Akasikiliza kidogo, akasema, "Basi gitaa ndilo linalogomba." Mpaka sasa sijasikia maelezo bora zaidi ya gitaa la Kims Mbewe, mpiga solo wa WITCH.

Sitasimulia sana njia. Kati ya Mlimba na Makambako treni inapanda milima, inaingia kwenye mahandaki na kutoka, na kila ukitoka kwenye giza kuna daraja na bonde ambalo hutaki kulitazama mara mbili. Mjomba angeweza kukaa dirishani na kuyahesabu yote. Mimi nilikuwa nakula ndizi.

Mbeya ndipo palipokuwa na miadi. Kuna kijana mmoja pale, fundi simu, ambaye tumekuwa tukirushiana nyimbo na habari kwa muda wa miaka miwili bila kuonana. Nilimfahamu kwa sauti tu. Treni iliposimama nikatoa kichwa dirishani nikamwona mtu mwembamba anatembea kando ya mabehewa akipiga mluzi, na mluzi ule ulikuwa mwanzo wa wimbo wa kwanza wa upande A. Nikaitikia. Watu wakatuangalia.

Akanipitishia dirishani flashi na mfuko wa maparachichi. Kwenye flashi kulikuwa na *Zango*, santuri mpya kabisa ya WITCH, iliyotoka mwezi uliotangulia. Nami nikampa flashi yenye nakala ya kanda ya mjomba. Tulizungumza kwa haraka kama watu wanaopeana habari za msiba na harusi kwa pamoja. Kwamba Jagari, aliyewahi kufundisha muziki chuoni Lusaka na baadaye akaenda kuchimba vito ardhini, sasa yuko jukwaani tena. Kwamba pamoja naye yuko Patrick Mwondela, mpiga kinanda aliyejiunga baadaye, na Wazungu vijana wa Uholanzi waliompenda wakamfuata. Kwamba kazi mpya waliirekodia Lusaka, DB Studios, mle mle walimorekodi miaka ya themanini. Kwamba Sampa the Great, yule binti wa Kizambia anayerap, kaimba humo, na kumbe mjomba wake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa WITCH.

"Kwa hiyo nikifika nitawaona?" nikamuuliza.

Akacheka. "Dada, wewe unakwenda Zambia. Wenyewe wako Ulaya wanazunguka."

Treni ikavuta. Alikimbia nayo kidogo, akipiga kelele kwamba mzee mmoja wa Kitwe, mwenye redio, ananisubiri na nisisahau kumpa parachichi moja. Nilikuwa nimeshamenya mbili.

Tunduma kina mama wakashuka na mizigo yao yote, na chumba kikawa kipana ghafla kama uwanja. Maofisa wa uhamiaji wakapita, wabadilisha fedha wakapita wakizungumza Kiswahili safi, na upande wa Nakonde akapanda mama wa Kizambia, mwalimu mstaafu, na blanketi lake. Nilidhani sasa nimepata mtu wa kuzungumza naye. Nikamwekea WITCH. Akasikiliza kwa adabu.

"Hawa tulikuwa tunawasikia," akasema kwa Kiingereza. "Lakini mwanamuziki alikuwa Paul Ngozi."

Nikajifunza somo usiku ule. Sisi wa nje tunawaabudu WITCH kwa sababu santuri zao ndizo zilizochapwa upya huko Marekani na kutufikia. Lakini ukimuuliza Mzambia wa umri wake, atakutajia Paul Ngozi, aliyekuwa akipiga gitaa kwa meno, aliyeimba kwa lugha za nyumbani mambo ya wake, waume na pombe, na aliyefariki 1989. Jina lake hilo la Ngozi, akanieleza, kwa Kinyanja maana yake ni hatari. Nikamwambia kwetu ni ngozi tu, ya mtu au ya ng'ombe. Akacheka mpaka akakaa. Nikamrushia nyimbo nne za Ngozi Family, bendi yake Paul, nilizokuwa nazo kwenye simu, naye akazipiga moja moja mpaka chaji yake ikaisha.

Mpika tulifika asubuhi, baridi ya kukata masikio. Nikashuka dakika mbili kukanyaga udongo wa mjomba. Nilitaka kujisikia kitu kikubwa. Nilijisikia baridi, nikapanda.

Kutoka Kapiri Mposhi kwenda Kitwe nilichukua basi dogo, na kwa ujinga wangu nikakubali kiti kilicho juu ya injini, begi miguuni. Tulipofika Ndola kiti kilikuwa kama kikaango. Nikaingiza mkono kwenye begi kutafuta maji, nikaigusa ile soksi: ya moto, kama chapati iliyotoka jikoni. Kilomita sitini zilizobaki niliishika kanda mkononi nje ya dirisha, ikipigwa na upepo, na konda akaniona mwehu.

Mzee wa Kitwe anaishi Wusakile, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wachimbaji, mlima mweusi wa mabaki ya shaba ukiwa umekaa nyuma ya paa zake. Alifanya kazi mgodini miaka thelathini. Aliniita "mwanangu" kwa Kibemba, nami nikamsalimu kwa maneno mawili aliyonifundisha mjomba: *mulishani mukwai*. Mkewe akaleta ubwali na kapenta, ambao kwa macho na kwa ulimi ni ugali na dagaa wetu, kasoro pilipili.

Santuri zake zimebaki kumi na moja. Zamani zilijaza kabati. Nyingine zilikwenda kwa harusi hazikurudi, majalada mengine yakaliwa na mchwa, na nyingine, hii aliisimulia akitazama mlangoni, alimuuzia mgeni mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba akinunua "sahani za kale". Humo ilikuwemo *Africa* ya bendi ya Amanaz, ya mwaka 1975. Alipewa hela ya gunia moja la unga. Huko nje nakala za mwanzo za santuri ile wakusanyaji wanazigombania kwa bei kubwa.

"Lakini unga tulikula," akasema mkewe kutoka jikoni.

Nikatoa kanda. Mzee akaigeuzageuza, akaipigapiga kiganjani, akachomeka peni ya Bic kwenye tundu na kuzungusha polepole, huku jicho moja limefumbwa, mpaka utepe ukakaza. Redio yake ilikuwa ya vifungo vikubwa, mfuniko umeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Akabonyeza. Ikazunguka sekunde kumi, ikaimeza. Mwili wangu ulikufa ganzi. Yeye hata hakushtuka: akafungua, akauvuta utepe kwa kucha kama anayetoa uzi kwenye sindano, akaunyoosha kwenye paja la suruali, akazungusha tena kwa peni.

Safari hii ikaimba. Joto la injini lilikuwa limeilegeza kidogo, sauti inayumba mwanzoni kama mtu aliyekunywa, kisha ikakaa sawa. Mjomba hakuwa na waya wa kurekodia. Aliweka redio mbele ya spika ya rafiki yake, kwa hiyo chumba kizima kimo ndani. Kiti kinaburutwa. Mtu anapiga chafya. Jagari akiwa katikati ya wimbo, kwa mbali kabisa, honi ya treni.

"Hapo ni wapi?" mzee akauliza.

"Mpika. 1978."

Akatikisa kichwa taratibu. Akawa anapiga meza kwa vidole viwili, sawasawa na drams, bila kukosea mahali popote. Aliwaona mara nyingi, akasema, hata zile shoo za saa ya chai, wakati watu walipozuiwa kutembea usiku. Nikaona hapo ndipo pa kuuliza la mjomba.

Akanyanyua mkono wa kulia, akavikunja vidole kimoja kimoja. Kims, wa solo. Giddy King, wa besi. Jones Mumba, wa kinanda. John Muma, wa rithim. Vidole vinne vikawa chini. Kisha akakishika kile cha gumba, akakiacha, akatafuta kidole kwenye mkono wa kushoto, akakikunja hicho: Star MacBoyd, wa drams. Wengi wao walikwenda na ule ugonjwa, akasema, miaka ile Copperbelt, mkoa huu wa shaba, ilipokuwa inazika kila wiki. Gumba likabaki limesimama peke yake. "Ba Jagari."

Nikampigia mjomba. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumwambia, lakini alipopokea nikasahau mpangilio wote, nikasema tu: "Shikamoo mjomba. Amebaki Jagari."

"Marahaba." Kimya. Nikasikia televisheni ya kule Temeke ikitangaza mpira. "Na huyo anayepiga meza ni nani?"

Mzee hakuwa ameacha kupiga. Nikaweka simu kwenye spika, nikaisogeza karibu na redio. Honi ya treni ilipolia tena upande B, mjomba akapaza sauti: hiyo ni ya saa kumi na moja, ilichelewa siku ile, yeye alikuwa zamu. Mzee akaichukua simu mkononi mwangu bila kuomba, akamsalimu. *Mulishani mukwai.* Mjomba akajibu, kisha akaendelea, Kibemba chake kile cha kuungaunga kikitoka kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Mzee akacheka. Akauliza kitu, mjomba akacheka. Nilielewa maneno machache tu: Mpika, bia, na jina la mwanamke ambalo si la mke wa mjomba.

Mama akaniongezea kapenta. Walikuwa bado wanazungumza salio lilipoisha.