Vishimo Vilivyobaki Njano

Jana usiku mwanangu aliinua bilauri mbele ya taa akauliza: "Mama, utajuaje kama maji yana sumu bila kuyanywa?" Nikamjibu harakaharaka kwamba wapo wanaoyanywa kwa niaba yetu. Yeye akalala, mimi usingizi ukaniruka.

Nilikuwa nikizifikiria zile HepG2, seli za ini la binadamu, tulizozilea maabara kwenye joto la nyuzi 37 kama watoto njiti. Sampuli ilitoka kwenye kisima, maji maangavu kabisa. Majibu ya kemikali yalikuwa yameshatoka: metali nzito, viuatilifu, hakuna kilichovuka kiwango. Niliyachuja maji, nikakorogea ndani yake unga wa midia, chakula cha seli. Hapo wengi hukosea. Ukimimina maji kwenye midia iliyo tayari, chumvi inapungua, seli zinakufa kwa hilo, kisha unayasingizia maji. Nikayatia kwenye safu tatu za sahani ya vishimo 96 zilimokuwa seli. Safu nyingine nikazipa midia ya maji yaliyotakaswa.

Baada ya saa 24 niliongeza MTT, rangi ya kupimia uhai wa seli, ambayo ni ya njano. Seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau. Saa 3 baadaye niliiinua sahani dirishani. Vishimo vya maji yaliyotakaswa vilikuwa vimeiva zambarau hadi ukingoni. Vya sampuli, safu zote tatu, njano tupu, kana kwamba sikupanda kitu. Nikasogea kwenye hadubini. Jana yake seli zilikuwa zimeshika sakafu, zimekumbatiana visiwa visiwa. Sasa zilikuwa vidonge vya mviringo, zimebanduka, na nilipoigusa sahani kwa ukucha zote ziliyumba pamoja. Nilikaa pale muda mrefu. Nilizilisha mwenyewe, wiki baada ya wiki.

Tukarudia mara mbili. Njano. Tukaandika kwamba maji yale yanaua seli na kisababishi hakijajulikana. Wenye sampuli wakataka jina la sumu. Hatukuwa nalo, kipimo cha kemikali huona kile tu ulichokituma kukitafuta, na seli hufa bila kumtaja muuaji. Wala sikuweza kuapa kwamba kinachoua seli sahanini kitamdhuru mtu mzima. Labda ningesisitiza zaidi. Labda ningewatisha watu bure. Wakachukua karatasi ya kemikali wakaondoka.

Asubuhi hii nimemsimulia mwanangu yote. Ameuliza jambo moja tu: kile kisima walikifunga?

Sikuwahi kuambiwa.