Baiskeli isiyotumwa popote: uzoefu wangu baada ya watoto kuondoka nyumbani

Nyumba ikishabaki na watu wawili unagundua muda upo kibao ila hujui ni wa nini. Miaka yote nilipotoka nje nilikuwa natoka na sababu, kupeleka mtoto, kuchukua mtoto, kuwahi kikao cha wazazi, kutafuta daftari usiku maana mtu kakumbuka saa ya kulala kwamba kesho linatakiwa. Hata nikitembea tu kwa miguu kichwani kuna orodha. Kitinda mimba alipoondoka orodha ikaisha lakini miguu ikabaki na haraka yake ile ile, nikawa natembea mbio kwenda mahali ambapo hakuna anayenisubiri. Ndo hapo nikanunua baiskeli. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye umri umesogea, nyumba imetulia, baiskeli anaitamani ila anajisemea mi na baiskeli wapi na wapi.

Nianze na lililonisaidia kuliko yote, nalo si la ufundi. Nilijiwekea sharti kwamba hii baiskeli haitumwi. Haibebi mzigo, haiendi kazini, haipeleki ujumbe kwa mtu, na wala sikuinunua ili nipungue. Mkubwa wangu aliposikia akapiga simu, "Mama, sasa utakuwa unaenda nayo wapi?" nikamwambia siendi popote mwanangu, naendesha tu. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza habari za programu ya simu inayohesabu kilomita na spidi na mapigo ya moyo, na jinsi atakavyokuwa ananiona kutoka huko aliko. Nikashukuru vizuri, ila sikuiweka. Sina ugomvi na wanaohesabu, kila mtu na raha yake, lakini mimi nimeishi na ripoti za shule na tarehe za ada miaka na miaka, nilitaka kitu kimoja ambacho hakuna anayekipa alama.

Kwa hiyo hata kuchagua kukawa rahisi. Zile za mashindano zenye usukani ulioinamia chini nikazipita, unakaa umejikunja mgongo unaangalia lami. Nikachukua ya matembezi, fremu yake imeshuka katikati kwa hiyo sihitaji kurusha mguu juu ya siti, napitisha tu mbele kama naingia mlangoni, usukani umeinuka unaelekea kwangu, naendesha nimenyooka naona mbele na pembeni. Gia saba za nyuma basi, mbele hakuna cha kubadilisha. Ina madigadi na kifuniko cha cheni, vitu ambavyo vijana wanaviona vya kizee, lakini suruali yangu haijawahi kutafunwa na cheni, na dimbwi haliniandiki mstari wa matope mgongoni.

Sasa siti. Hapa nakaa kidogo maana naamini watu wengi wanaoacha baiskeli wiki za mwanzo wanafukuzwa na siti wala sio umri. Ukiwa umekaa dukani miguu yote miwili ikagusa chini vizuri unajisikia salama, unaondoka nayo hivyo hivyo, halafu baada ya muda magoti yanalalamika unasema si unaona, uzee. Kumbe siti iko chini mno na kila ukikanyaga goti linakunjwa kupita kiasi. Mimi nilipimwa na mume wangu. Kasimama mbele kabana gurudumu katikati ya miguu yake na kushika usukani kwa mikono miwili, mimi juu ya siti, nikaweka kisigino, sio vidole, kisigino kwenye pedali, nikaizungusha kinyumenyume mpaka ikafika chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila wewe kuinama upande kuitafuta. Wangu ulikuwa umekunjika vibaya. Tukainua kidogo, nikarudia, tukainua tena, mume wangu huku anasema utaanguka na mi nasema inua. Mwishowe mguu ukanyooka, halafu nilipokanyaga kawaida, kwa ile sehemu pana ya nyayo nyuma ya vidole, goti likabaki na mkunjo mdogo tu. Hapo ndo penyewe. Na kanuni ya kukumbuka ni kwamba maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanasema siti iko chini, ya nyuma ya goti yanasema iko juu. Jambo lingine, ile nguzo inayoshika siti ina alama ya kikomo, usiivute ukapita hapo, inaweza kuvunjika au kuharibu fremu.

Ila mkanganyiko unakuja hapa, siti ikiwa sawa kwa magoti, ukisimama unagusa chini kwa ncha za vidole tu, na mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu ujana anaogopa. Nilichofanya, siku za kwanza niliiteremsha makusudi, nikatafuta uwanja mtupu wenye mteremko mdogo sana, nikawa nasukuma kwa miguu bila kugusa pedali kabisa, nasukuma naachia, nasukuma naachia, mpaka mwili ukakumbuka kujibalansi. Mwili unakumbuka jamani, hilo wanalosema ni kweli, isipokuwa hofu nayo inakumbuka. Ukiangalia gurudumu la mbele unayumba, ukiangalia mbali unanyooka. Baadaye nikaanza kukanyaga, siti ikapanda kidogo kidogo mpaka ikafika pale ilipopimwa. Na nikajizoeza kusimama kwa kushuka kwenye siti kwenda mbele, mguu mmoja chini, sio kuning'inia juu ya siti unatafuta ardhi kwa kidole.

Breki nilizijaribia hapo hapo uwanjani. Kwanza ujue mkono upi unashika gurudumu lipi, maana inatofautiana nchi na nchi, na usimwamini mtu, binya mmoja sukuma uone. Ya mbele ndo yenye nguvu zaidi kwa sababu ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, lakini ukiikaba ghafla peke yake unaweza kurushwa. Nabinya zote mbili taratibu, na kwenye mteremko naanza mapema kabla spidi haijanizoea.

Gia zilinichukua muda kuzielewa kisha siku moja zikaeleweka ghafla. Wengi tunabadilisha tukishakwama katikati ya kilima, umekanyaga kwa nguvu zote, cheni imekaza, unabonyeza gia inalia kra kra kra na unasimama. Kinachotakiwa ni kubadilisha kabla, ukikiona kilima unashusha gia ungali na mwendo, na wakati unabadilisha unaendelea kuzungusha pedali ila kwa wepesi, kama unaidanganya cheni kwamba huna haraka, inahama bila kelele. Halafu unapanda polepole miguu ikizunguka mingi na myepesi badala ya kukanyaga mikanyago michache mizito, na magoti yanakushukuru. Kilima kikinishinda nashuka nasukuma. Nasukuma kichwa juu kabisa! Kuna vijana hunipita wakinipa pole, nawasalimia. Kwa kuwa baiskeli haijatumwa popote hakuna mahali ninapochelewa.

Tairi zangu ni pana, inchi mbili kasoro, na ubavuni zimeandikwa kiwango cha upepo, PSI 40 mpaka 65, PSI ni kipimo cha msukumo wa hewa. Angalia ubavu wa za kwako usikariri za mwenzio. Mimi si mzito sana kwa hiyo natumia kile kiwango cha chini chini na barabara mbovu inalainika, tairi linameza mashimo madogo kabla hayajafika mgongoni. Nilikuja kusoma habari za tairi hizi za upepo nikacheka peke yangu. Mtu aliyezifanya zikasambaa ni John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, Mskoti aliyekuwa anaishi Belfast, na mwaka 1887 alitengeneza tairi lenye hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake wa kiume, mwaka uliofuata 1888 akasajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Yaani mzazi tu alikuwa anahangaikia mtoto asitikiswe. Na mimi niliyemaliza kuhangaika na wangu ndo nakalia matunda yake. Upepo unapungua wenyewe hata usipoendesha, kwa hiyo pampu yenye geji iko mlangoni, na kabla ya kutoka nabonyeza tairi, najaribu breki, naangalia cheni, naondoka.

Cheni inataka mafuta kidogo, sio kuogeshwa. Unadondoshea unazungusha pedali nyuma, unasubiri, halafu unafuta kwa kitambaa yale yote ya juu, maana yakibaki yanakamata vumbi na vumbi likichanganyika na mafuta linasaga kama msasa. Baiskeli ikiwa mpya pia irudishe kwa fundi baada ya wiki kadhaa, waya za breki na za gia zinajikalisha na kulegea, na boluti zinahitaji kukazwa, sio kwamba umeuziwa mbovu. Na kama unapenda kujifanyia mwenyewe jua pedali ya kushoto inafungwa kinyume na boluti nyingine, kukaza unazungusha kuelekea kushoto. Mume wangu hakuamini mpaka alipoona fundi akifanya.

Mwili. Makalio yatauma mwanzoni hata siti ikiwa nzuri, hilo halina ujanja, linapita ukienda safari fupi fupi za mara kwa mara badala ya moja ndefu halafu unalala kitandani siku mbili. Siti laini sana inayozama ni mtego, ukikaa dakika chache ni raha, ukikaa muda unakuta nyama zinabanwa kila upande, afadhali iliyo ngumu kiasi na pana kutosha kubeba ile mifupa miwili unayokalia. Na mshono mnene wa nguo unachuna, vaa kitu kisicho na mshono hapo katikati. Vidole vikipata ganzi, hasa cha mwisho na cha pili yake, ujue umeegemea mikono mno na mshipa wa fahamu unaopita ubavuni mwa kiganja unabanwa, inua usukani kidogo, legeza viwiko, badilisha mshiko kila mara.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na baiskeli ya matembezi inahesabika ukiendesha kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ila niseme ukweli hapa hasa kwa akina mama wenzangu tuliokwisha kupita hedhi, baiskeli ni rafiki wa moyo na magoti lakini mifupa haiimarishi sana, kwa sababu siti ndo inakubebea uzito. Kwa hiyo sikuacha kutembea, na kuna vitu vizito navinyanyua nyanyua nyumbani. Mwenye presha, kizunguzungu au nyonga iliyofanyiwa upasuaji aongee na daktari wake kwanza.

Helmeti navaa, imekaa usawa juu ya nyusi kama vidole viwili hivi, sio imeangukia kisogoni, mkanda umebana kidevu nafasi ya kidole kimoja au viwili. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Kwenye magari yaliyoegeshwa napita mbali kiasi cha mlango kufunguka. Kengele natumia mapema, na nasema asante.

Basi hapo utauliza raha iko wapi maana naongea spana tu. Raha iko kwenye spidi. Kwenye gari vitu vinapita hujaviona, kwa miguu nachoka kabla sijafika mbali, lakini juu ya baiskeli nafika mbali na bado nasikia watu wanaongea barazani, nasikia harufu ya mvua iliyonyesha mtaa wa pili, naweza kusimama ghafla bila kutafuta pa kuegesha. Njia panda nachagua kwa kuangalia kivuli kiko upande gani. Mwanzoni nilikuwa nageuka nyumbani na wasiwasi kwamba kuna mtu ananisubiri, mkono unakwenda mfukoni kwenye simu. Ilichukua muda ule wasiwasi kuisha, na siku nyingine unarudi, hasa saa zile shule zinapotoka barabara inapojaa watoto na mabegi, napunguza mwendo, nawaacha wapite. Mume wangu huwa hanifuati, yeye bustani yake inamtosha, na hilo nalo limetusaidia, tunakuwa na cha kuhadithiana jioni badala ya kukaa tunaangaliana kama wageni.

Watoto wakija likizo wote wanaigombania. Huyu mdogo ana miguu mirefu kuniliko, anainua siti bila kuuliza, anaondoka nayo nusu siku, akirudi ananiachia hivyo hivyo juu mi napanda nabaki naning'inia. Nimezungushia utepe mwekundu kwenye nguzo ya siti pale penye kipimo changu, nikamwambia bwana mdogo, inua unavyotaka, ila ukirudisha utepe uonekane umegusa fremu.