Leo imekuwa yetu

Wiki hii Salma ameolewa (hatimaye!), ofisi imehamia karibu na geti la bandari na mimi nimetimiza miaka 41 bila mtu kukumbuka isipokuwa kampuni ya simu. Lakini kila nikilaza kichwa, ninayemsikia ni Mama Dama, muuza mahamri wa hapa mtaani.

Jumanne nilitoka na karatasi ya Mwalimu, ile ya kupinga ghorofa inayotaka kujengwa mahali pa nyumba ya jirani. Siku 14 za ilani zilikuwa zimebaki tatu. Nilishapata sahihi 31, naona raha kama mtoto aliyehitimu juzuu. Pale chini ya mwarobaini Mama Dama alikuwa anaepua hamri za mwisho. Nikamwambia, "Mama Dama, nawe tia sahihi, hii ni ya mtaa mzima."

Akapangusa mikono kwa leso, akaishika ile karatasi kwa pembe.

"Ghorofa ngapi?"

"Kumi na moja. Fleti arobaini na nne."

"Na wote hao watakunywa chai asubuhi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akateremsha kidole kwenye safu: jina, namba ya ploti, simu, sahihi.

"Hapa pa ploti niandike ipi, mwanangu?"

Nami, bila kufikiri, "Andika yetu tu."

"Yetu?" Akanitazama kidogo. "Haya. Leo imekuwa yetu." Akanirudishia karatasi na kalamu juu yake. "Nikufungie mangapi?"

Basi. Hakuna zaidi. Nikanunua kumi, na mbaazi, tukaagana vizuri. Sasa ni Jumapili usiku na bado naigeuza ile "yetu". Aliitamka kwa mzaha? Alisema "leo" kwa kukazia, au mimi ndiye ninayeikazia kila nikiirudia? Angalau lugha ingetupa "yetu" mbili, moja ya kukaribisha na moja ya kufungia mlango, mtu ajue ametumia ipi. Mama Dama anaamka saa tisa usiku kule Mishomoroni, anavuka daraja la Nyali na karai lake, na jioni anarudi hukohuko. Miaka ishirini na kitu. Uani kwetu ameingia kuomba maji ya kunawa. Sikumbuki kama aliwahi kukaa.

Bado napinga, msinielewe vibaya. Maji ya mji huu wa Mombasa yanatoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hapa Tudor bomba letu hukohoa usiku wa kuamkia Jumatano, tukijaliwa. Visima ni vya chumvi. Kama sehemu kubwa ya kisiwa, mtaa wetu hauna bomba la majitaka. Kila nyumba na shimo lake. Nyumba ile waliishi watu sita. Fleti 44 zikijaa, shimo la nani litapokea hayo? Ploti yenyewe haijaongezeka hata pima moja. Na kuna la Mama yangu mzazi, ambalo kwenye fomu halina safu: yeye hukaa uani kichwa wazi akikuna nazi, na kuanzia ghorofa ya tatu kila dirisha litakuwa linamtazama utosini. Ungemwandikia nini ofisa wa mipango hapo? Mwalimu aliandika "faragha". Mama alipoisikia akasema, "Si stara hiyo? Mbona hukuandika stara?"

Halafu nafungua hati ya mshahara, naona asilimia 1.5 imekatwa kama kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Kwa mkono mmoja nachangia watu wajengewe, kwa mwingine nakusanya sahihi wasijengewe hapa. Namba zote mbili ni zangu, nimezitazama mpaka chai ikapoa.

Jana nikamsimulia Mama, nikitegemea anihurumie. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kumbe mwaka 1988, Baba alipoinua ghorofa yetu ya pili, aliyepinga alikuwa Bi Zuhura, Mungu amrehemu, mwenye nyumba hiyohiyo ambayo wanawe sasa wameiuza. Alisema Baba amemkatia upepo wa kusi. Alikwenda kwa imamu, akaenda baraza la mji, akasimama barabarani akiwaambia mafundi saruji yao itageuka mchanga. Hakumsalimu Baba mpaka mfungo ulipoingia, na hata hapo alituma mtoto na sahani ya vibibi, yeye mwenyewe hakuja.

"Na Baba alisema nini?"

"Alisema upepo si wa mtu." Mama akafuta machozi ya kicheko. "Sasa zamu ya kaskazi. Mwache naye atukatie, hata kaburini hasahau."

Nilicheka nami, mara ya kwanza tangu Jumanne. Kile chumba cha juu, kilichomkosesha Bi Zuhura upepo, ndicho ninacholala.

Karatasi nilishaipeleka Alhamisi, siku ya mwisho. Mstari wa 32 ulikuwa mtupu, ila pale kwenye ploti pana alama ya kidole cha mafuta, ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona ng'ambo. Karani aligonga muhuri bila kutazama. Ikikataliwa tuna siku 14 nyingine za rufaa kwenye kamati, Mwalimu ameshaanza kuchangisha. Kesho nitapita kwa Mama Dama kama kawaida. Sijui nianze na neno gani, labda niagize tu.

Na sasa hivi, naandika haya, nimekumbuka entri ya forodha ya kontena la Kampala niliyoingiza Ijumaa nikiwa na haraka ya kupaka hina. Uzito niliandika 24,580 au 25,480? Makaratasi yako kwenye boksi la kuhamia, boksi liko ofisini, na funguo anazo Kassim, ambaye simu yake imezimwa tangu harusi.