Ninavyopima seli T zinazoitambua hemaglutinini ya mafua

Kingamwili huishika hemaglutinini, protini ya nje ya kirusi cha mafua, ikiwa nzima juu ya kirusi. Seli T haiioni hivyo. Hutambua kipande chake kilichopachikwa kwenye molekuli ya HLA juu ya seli nyingine: seli T za CD4 husoma vipande virefu kidogo kwenye HLA ya daraja la pili, na za CD8 husoma vya asidi amino 8 hadi 10 kwenye daraja la kwanza. Kipimo changu chote nakipanga kwa kufuata jambo hilo.

Siweki kirusi kizima. Naagiza peptidi (vipande vifupi vya protini) za asidi amino 15, kila moja ikirudia 11 za iliyoitangulia. Hemaglutinini ina asidi amino 566 hivi, kwa hiyo zinatoka peptidi 139. Naziyeyusha kwa kiyeyushi cha DMSO, miligramu 10 kwa mililita, na kisimani (kishimo kidogo cha sahani ya kupimia) nataka kila moja ibaki mikrogramu 2 kwa mililita. Ukizimimina zote pamoja kwa kipimo hicho, DMSO inafika karibu asilimia 2.8. Seli zinadhoofika, madoa yanayoonyesha kila seli T iliyoitikia hayatokei, na mtu mwenye kinga nzuri anaandikwa hana. Kosa hili lina madhara makubwa kwa sababu matokeo yake hayaonyeshi kasoro yoyote.

Dawa yake ni jedwali la 12 kwa 12. Kila safu mlalo ni kundi, na kila safu wima ni kundi. Nabaki na makundi 24, DMSO haizidi asilimia 0.24, na kila peptidi imo katika makundi mawili. Makundi mawili yakiitikia, naangalia yanapokutana. Yakiitikia mengi, makutano nayo huwa mengi, hivyo naipima kila peptidi inayoshukiwa peke yake.

Damu iliyotiwa heparini isigande naitenganisha siku hiyohiyo juu ya Ficoll, kimiminika kizito, kwenye mashine ya kuzungusha, 400 g kwa dakika 30, breki ikiwa imezimwa, la sivyo tabaka la seli linavurugika. Seli zilizogandishwa nazipumzisha usiku kucha kabla ya kuzihesabu, ili za kufa zife kwenye chupa, si kisimani. Sizichuji nikabaki na seli T tupu: monosaiti na seli B, seli nyeupe nyingine za damu, ndizo zinazobeba peptidi.

Kwenye sahani ya visima 96 iliyopakwa kingamwili ya kunasa interferoni-gama, protini ambayo seli T huitoa ikiitikia, naweka seli 200,000 kwa kisima, nyuzi 37, CO2 asilimia 5, saa 20. Sahani haiguswi. Ikisogezwa, madoa yanavuta mkia na hayahesabiki. Kisima cha DMSO pekee na kisima cha PHA, kichocheo cha seli T kwa jumla, havikosekani. Cha PHA kisipojaa madoa, sahani nzima naitupa.

Kwa H3, mojawapo ya aina za hemaglutinini, peptidi ya kujaribia ni PKYVKQNTLKLAT, nafasi ya 306 hadi 318, ambayo hubebwa na HLA-DRB1*01:01 na *04:01. Asiye na aina hizo anaweza asiitikie hapo, akaitikia kwa nguvu kipande kingine. CD8 zikionekana chache, sishangai. Nyingi hulenga protini za ndani, M1 na NP.

Mwisho nairudia peptidi iliyoitikia, nikiwa nimeziba HLA-DR nusu saa kabla kwa kingamwili yake, mikrogramu 10 kwa mililita. Madoa yakipotea, ni CD4 kupitia DR. Yakibaki, naziba DQ na DP, HLA nyingine za daraja la pili, kisha daraja la kwanza.