“Weka 3055 tu!”: nilivyoifufua ampu yangu ya besi

Ukipiga besi mjini hapa na ampu yako ikafa, kila mtu anageuka fundi. Mpiga tumba fundi, MC fundi, hata mlinzi wa ukumbi atakuambia shemeji yake alikuwa na redio iliyofanya hivyohivyo, wakaiweka transista ya 3055, ikapona. Nimeisikia hiyo 3055 mpaka nimeichukia. Naandika haya ili mtu mwingine asipoteze hela kama zilivyopotea zangu.

Ampu yenyewe ni ya transista tupu, haina vali hata moja. Wati 150, spika moja ya inchi 15 humohumo ndani, na umri wake unamzidi mpiga kinanda wetu. Ilifia harusini, Mbagala. Jamaa wa diski aliona tundu la spika ya nje kule nyuma, akachomeka spika zake mbili za omu 8 bila kuuliza mtu. Ukijumlisha na ya ndani, nayo omu 8, zote zimekaa sambamba, mzigo unashuka chini ya omu 3. Na pale nyuma pameandikwa kabisa isipewe chini ya omu 4. Ikapiga vizuri tu, watu wakacheza, kisha ikanguruma mara moja, koni ikasukumwa nje ikabaki imetokeza, fyuzi ikakata.

Koni ikitokeza hivyo na isirudi, usihangaike na waya wa gitaa. Transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimepiga shoti, na umeme wa DC, kama wa betri, unaingia wote kwenye spika. Bahati yangu fyuzi iliwahi. Niligusisha betri ya tochi kwenye spika, koni ikacheza bila kukwaruza, nikapumua.

Nikaipeleka kwa fundi. Jina namstahi. Akang'oa transista zote nne, akaweka 2N3055 mpya zinazong'aa, akachomeka simu yake na kupiga muziki kwa sauti ya chini. “Nzima hii, braza.” Nikalipa. Mazoezini nikapiga noti ya E ya chini kwa nguvu, ile ya kuamsha ngoma, pu! Moshi. Nikarudi. Akaweka nyingine, na safari hii fyuzi akaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, “ili isitusumbue.” Nilibeba ampu yangu nikaondoka, sikusubiri hata aniwashie.

Sasa wapenzi wa 3055 nisikilizeni. Ampu hii inajiendesha kwa volti 42 chanya na 42 hasi. Ikiwa imetulia, kila transista inabeba 42, hakuna neno. Sauti inapopanda mpaka juu kabisa, transista ya upande wa pili inabeba karibu 84. 2N3055 kwa vipimo vyake inavumilia 60. Ndiyo maana kwa muziki wa simu ilitulia na kwa E yangu ikafa. Fundi alikuwa anaipima mahali isipoumia. Kiwandani ziliwekwa MJ15003, ambazo zinavumilia volti 140 na ampea 20. Umbo ni lilelile, kofia ya chuma na matundu mawili ya skrubu, basi watu wanadhani ni mtu na nduguye.

Kazi ikawa kuzipata. Duka la kwanza Kariakoo walikuwa nazo, tena bei ya kutupa, na hapo ndipo ningeshtuka mapema kama nisingekuwa na haraka ya shoo. Nilinunua moja tu ya majaribio. Nyumbani nikaifuta kwa kitambaa chenye thina, na maandishi yote yakahamia kwenye kitambaa: MJ, namba, nembo, kila kitu. Nikaona hapa hapatoshi, nichimbe. Nikaibana kwenye jiriwa, nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata kofia taratibu kuzunguka ukingo. Ndani kulikuwa na kigamba cha silikoni hakifiki milimita 3. Nikakata pia moja ya zile za kiwandani zilizoungua, kwa kuwa ilishakufa haina cha kupoteza: kigamba chake kipana karibu mara mbili, kimekaa juu ya bamba la shaba la kusambaza moto. Vipande vyote viwili niliviweka kwenye kopo, na mtu akiniambia “zote ni sawa tu kaka” namfungulia kopo.

Nzima nilizipata kwa mzee mmoja hukohuko Kariakoo mwenye lundo la ampu mfu za kumbi. Nilimwamkia, nikamweleza, akacheka, akaniambia nichague mwenyewe. Nikazipima kwa mita palepale, upande wa dayodi: beisi kwenda emita ikaonyesha sifuri nukta tano na ushee, kolekta na emita hazipitishi upande wowote. Nne kwa pesa ambayo haikufika hata nusu ya niliyompa yule fundi wa pakiti ya sigara.

Lakini sehemu ninayojivunia ni balbu. Kuwasha ampu iliyotoka kwenye shoti ni kamari. Kitu kimoja kikiwa kibaya unachoma transista zote nne kwa sekunde moja, na za mzee yule hazina mbadala. Dawa yake ni kupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya waya, ile ya zamani yenye uzi unaowaka ndani, ya wati 100, kabla haujafika kwenye ampu. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na ampu inapata chini ya nusu ampea, haiungui kitu. Kukiwa salama, balbu inawaka kidogo wakati kapasita, vile vihifadhi umeme vya ndani, zinajaa, kisha inafifia. Ya LED haifai kabisa.

Sasa nenda dukani leo uulize balbu ya waya. Wananitazama kama nimeomba kibatari. Nikakumbuka jirani yangu anafuga kuku, na banda la vifaranga nalionaga linang'aa usiku.

“Shikamoo mama. Naomba kuazima balbu moja ya vifaranga.”

“Marahaba. Ya nini mchana huu?”

“Natengeneza gitaa, mama.”

“Vifaranga wangu wakipata baridi utawalalia wewe.”

Nikaahidi kuirudisha kabla ya magharibi. Nikaifunga kwenye soketi, nikawasha: ikawaka kali, haififii! Nikazima haraka. Nikazipima upya transista, nzima zote. Kumbe ni ile karatasi nyembamba ya maika inayotenganisha transista na bati la kupozea. Kofia ya transista ndiyo kolekta, ikigusa bati imeungana na kila kitu. Fundi wetu alipozikaza zake aliitoboa moja kwa unga wa chuma uliobaki chini. Nikasafisha bati, nikaweka maika nyingine na grisi nyeupe pande zote mbili, nikabadilisha na rezista moja ya omu 0.33 iliyokuwa imekatika. Nikawasha. Balbu ikamulika, ikalegea, ikazimika karibu kabisa. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kama nimepigwa na umeme.

Spika usiirudishe hapo. Pima kwanza DC kwenye waya za spika. Yangu ilisoma milivolti 18, ingekuwa volti nzima nisingeichomeka. Na kabla ya kugusa chochote humo ndani, yale mapipa mawili ya kapasita, ya mikrofaradi 4700, yamalizie umeme wake kupitia rezista, siyo kwa bisibisi kama wanavyojionyesha wengine.

Ikapiga wiki mbili hivi, kisha ikaanza kukata sauti katikati ya wimbo na kurudi yenyewe. Ushauri ukaanza upya: badilisha bodi ya mbele, nunua ya Mchina, weka tena 3055 (sitanii). Nikachukua waya mfupi wa gitaa, nikachomeka ncha moja tundu la kutoka na nyingine tundu la kurudi, yale ya nyuma ya kuungia vifaa vya mbwembwe. Sauti ikarudi, ikakaa. Ndani ya tundu la kurudi kuna kijibati kinachopitisha sauti wakati hakuna kitu kilichochomekwa. Kikishika kutu, sauti inakatikia hapo. Nililipaka spiriti, nikachomeka na kuchomoa jeki hadi mkono ukachoka, ikaisha.

Tundu la spika ya nje nimelifunga kwa skrubu na gundi. Kilichobaki ni mapipa yale ya kapasita, yameanza kuvimba juu na ampu inavuma kidogo isipopigwa. Natafuta za volti 63. Muuzaji wa mwisho alinipa za 50, akasema, “Zinaingia tu hizi, kaka.”